Kinywa Kisicho na Sikio: Uhakiki wa Ukokotoaji wa Tarehe katika Skripti za Sheli Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tarehe zinavyokokotolewa katika skripti za sheli, yaani zile programu fupi za amri ambazo seva za ofisi, hospitali na vyuo huzitekeleza usiku bila mtu kuzitazama. Hoja inayojengwa ni kwamba kila skripti ya tarehe ni matini, na ndani yake mna tafsiri ya kalenda iliyofanywa na mtu fulani mahali fulani. Tafsiri hiyo inapohamishiwa katika mwaka wa fedha wa Afrika Mashariki, katika juma la Waswahili na katika usiku wa Waswahili, huzaa makosa ambayo mengi hayapigi kelele. Makala inachunguza amri ya "date" katika matoleo yake mawili makuu, hesabu za sheli yenyewe, majina ya siku, hifadhidata ya kanda za saa na sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi.

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, utenzi na tamthilia. Mara chache umeitazama matini inayoendesha shughuli za kila siku za taasisi zilezile zinazodhamini makongamano ya Kiswahili. Skripti inayotengeneza ripoti ya mwezi, inayofuta nakala rudufu zilizopita siku 90, au inayotuma ujumbe wa kumkumbusha mzazi tarehe ya chanjo, ni matini fupi yenye sauti ya mamlaka. Ikisema leo ni tarehe fulani, hakuna anayebisha.

Wapo watakaouliza kwa nini ihangaikiwe sheli ilhali lugha nyingine za programu zina maktaba bora za tarehe. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni la kiutendaji. Sheli ipo katika kila seva ya jamii ya Unix tangu siku ya kwanza, haihitaji kusakinishwa, na ndiyo inayoitwa na mpangaji wa kazi za usiku. Ofisi ndogo yenye fundi mmoja haiandiki mfumo mzima kwa ajili ya kupata tarehe ya jana. Huandika mstari mmoja, na mstari huo huishi miaka kumi baada ya fundi kuhamia kwingine.

Mwezi mmoja baada ya tarehe 31 Mei

Kisa kinachostahili kuchunguzwa kwanza kinaonekana kidogo. Skripti inaulizwa: mwezi mmoja baada ya tarehe 31 Mei ni tarehe ngapi?

Toleo la GNU la amri ya "date", ambalo ndilo lililomo katika mifumo mingi ya Linux, huongeza namba ya mwezi na kupata tarehe 31 Juni. Kwa kuwa Juni haina siku hiyo, amri huisukuma mbele na kujibu tarehe 1 Julai. Toleo la BSD, ambalo ndilo linalotumika katika kompyuta za macOS, hufanya vingine. Hujaribu kuhifadhi namba ya siku; ikishindikana kwa sababu mwezi unaofuata ni mfupi, hurudi kwenye siku ya mwisho ya mwezi huo. Jibu lake ni tarehe 30 Juni. Mwongozo wa BSD unautoa mfano huohuo wa Mei na Juni, na unakiri waziwazi kwamba kuongeza miezi ni jambo lenye utata kwa asili yake. Mwongozo wa GNU nao unaonya kwamba kutoa mwezi mmoja katika tarehe 31 Julai kunaweza kumrudisha mtu tarehe 1 Julai ileile, na unashauri hesabu ya miezi ianzie tarehe 15.

Kwa msomaji wa Ulaya tofauti hii ni ya siku moja tu. Kwa msomaji wa Nairobi, Dodoma au Kampala ni tofauti ya mwaka mzima, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni na kufunguliwa tarehe 1 Julai. Hati ya malipo iliyotolewa tarehe 31 Mei kwa sharti la kulipwa ndani ya mwezi mmoja itaangukia bajeti ya mwaka unaokwisha ikikokotolewa kwenye kompyuta ya mhasibu, na bajeti ya mwaka mpya ikikokotolewa kwenye seva. Mashine zote mbili zitakuwa zimetii miongozo yake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaoonekana, na mkaguzi atakayekuja miezi sita baadaye atakuta vitabu viwili visivyokubaliana bila kujua aulize nini.

Je, ipi kati ya tafsiri hizo ni sahihi? Watu wa kompyuta hupenda kusema kwamba hakuna iliyo sahihi kwa kuwa mwezi si kipimo thabiti. Jibu hilo ni jepesi mno. Swali la maana ya "mwezi mmoja" liliulizwa mahakamani zamani kabla ya kuulizwa na mashine. Katika shauri la Dodds dhidi ya Walker lililoamuliwa na Mabwana wa Sheria wa Uingereza mwaka 1981, ilithibitishwa kwamba muda wa miezi huishia katika tarehe inayolingana na ile ya kuanzia, na mwezi wa mwisho usipokuwa na tarehe hiyo, muda huishia siku yake ya mwisho. Kwa kanuni hiyo, mwezi mmoja kutoka 31 Mei unaishia 30 Juni. Mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mapokeo ya sheria ya Uingereza, ingawa hazifungwi na kila uamuzi wake. Kwa hiyo, anayeandika skripti ya kukokotoa muda wa notisi au wa rufaa kwa kutumia amri ya GNU pasipo kuirekebisha ameandika, bila kujua, tafsiri inayokwenda kinyume na mapokeo ya kisheria ya nchi yake. Hili ni jambo la washauri wa sera kabla halijawa la mafundi.

Ikumbukwe pia kwamba kiwango cha POSIX, ambacho kingepaswa kuwa mwamuzi, hakisemi lolote. Kimeeleza namna "date" inavyochapisha tarehe, lakini hakikuweka chaguo la kuongeza wala kupunguza siku. Uwezo wote wa kusema "jana" au "mwezi ujao" ni nyongeza ya kila mtengenezaji. BusyBox, mkusanyo mdogo wa amri unaotumika katika ruta na katika mfumo wa Alpine, una chaguo lenye herufi ileile ya GNU lakini haliyaelewi maneno ya aina hiyo. Skripti iliyoandikwa kwa mfumo mmoja na kunakiliwa kwingine huwa ni matini iliyovuka mpaka bila mkalimani.

Agosti na Septemba katika mfumo wa nane

Hesabu za ndani ya sheli zina mtego wake, na mtego huo una uhusiano wa pekee na robo ya kwanza ya mwaka wa fedha.

Sheli ya bash, ikikuta namba inayoanza na sufuri katika hesabu, huichukulia kuwa imeandikwa kwa mfumo wa nane, ambao hauna tarakimu 8 wala 9. Amri ya "date" nayo huchapisha miezi kwa tarakimu mbili: 01, 02, na kuendelea. Kuanzia 01 hadi 07 mifumo yote miwili hukubaliana, na kuanzia 10 hadi 12 hakuna sufuri mbele. Zinabaki 08 na 09, Agosti na Septemba, ambazo sheli huzikataa kwa kudai kwamba tarakimu imezidi msingi wake.

Fundi makini anayetaka kuijaribu skripti ya mwaka mpya wa fedha ataijaribu wakati gani? Julai, bila shaka. Julai ni 07, nayo hupita salama. Ripoti ya kwanza inatoka, wakubwa wanaridhika, na tarehe 1 Agosti skripti inasimama. Oktoba inafufuka yenyewe, na hapo wengi husema mtandao ulikuwa na shida. Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba sheli ya zsh, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo sheli ya kawaida ya macOS, huichukulia 08 kuwa nane bila ubishi. Aliyejaribu kwenye kompyuta yake ya mkononi ataapa kwamba skripti haina kosa.

Hata hivyo, kosa linalosimamisha kazi lina heri. Liko jingine linalonyamaza. Amri hiyohiyo inaweza kutoa namba ya siku katika mwaka kwa tarakimu tatu, kuanzia 001. Tarehe 10 Januari ni siku ya 010, na bash huisoma 010 kuwa nane. Tarehe 17 Januari husomwa kuwa kumi na tano. Umri wa mtoto kwa siku, muda wa dawa kukaa ghalani, siku zilizobaki kabla ya mkataba kwisha: vyote vitahesabiwa, vitachapishwa kwa wino mzuri, na vitakuwa na makosa. Dawa yake inajulikana na ni fupi. Katika bash hutangulizwa "10#" mbele ya namba ili isomwe kwa mfumo wa kumi. Katika sheli nyingine ondoa sufuri za mbele kabla ya kuhesabu. Linalokosekana ni mafunzo ya Kiswahili yanayolieleza jambo hili kwa mfano wa Agosti badala ya kulitaja kama udadisi wa wataalamu.

Pamoja na hilo liko suala la juma na mwaka wake, ambalo makala hii inaligusa kwa haraka. Kiwango cha ISO 8601 huanza juma Jumatatu, na juma la kwanza la mwaka ni lile lenye Alhamisi ya kwanza. Kwa hiyo, Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa katika juma la kwanza la mwaka 2025. Skripti inayochukua namba ya juma kwa kanuni ya ISO (%V) na kuiambatisha na mwaka wa kawaida (%Y) badala ya mwaka wa ISO (%G) iliandika siku hiyo kuwa juma la kwanza la 2024, yaani iliirudisha nyuma miezi kumi na miwili. Katika ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, unaofanyika juma kwa juma, kosa la namna hiyo huzika wagonjwa wa Desemba ndani ya takwimu za Januari iliyopita.

Juma linaloanza Jumamosi

Hapa ndipo lugha yenyewe inapoingia katika hesabu. Kiswahili kinahesabu siku kwa majina yake: Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha inaingia Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo asili yake ni "ya tano", na juma linafungwa na Ijumaa. Juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, kwa sababu lina mahesabu mawili yaliyokutana pwani na kukubaliana kuishi pamoja.

Mashine ina mahesabu yake. Kwa namna moja "date" huita Jumatatu 1 na Jumapili 7 (%u), na kwa namna nyingine huita Jumapili 0 (%w). Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili akiambiwa aandike skripti ya kila Jumatatu, na akaweka 3 kwa kuwa jina lenyewe linasema tatu, skripti yake itafanya kazi Jumatano. Kosa hilo halitokani na uzembe. Lugha yake imempa namba, naye ameiamini. Ubadilishaji ni rahisi: chukua namba ya %u, ongeza moja, gawanya kwa saba, na baki yake uiongezee moja. Jumatatu inatoka tatu, Jumamosi moja, Ijumaa saba. Lakini mafunzo mengi yanayotolewa katika ukanda huu hayalitaji kabisa, kwa sababu yamenakiliwa kutoka vitabu vya watu ambao majina ya siku zao hayana namba.

Kwa majirani mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inafaa kuzingatiwa na wanaopanga mafunzo ya kikanda. Katika Kinyarwanda na Kirundi Jumatatu ni siku ya kwanza, na Kiganda huita Jumanne Lwakubiri, yaani ya pili. Mahesabu hayo yanalingana na %u bila marekebisho yoyote. Mtaalamu wa Kigali au Kampala anayejifunza Kiswahili cha ofisi huja na juma lake kichwani. Darasa moja lenye Mnyarwanda, Muganda na mtu wa Tanga lina majuma mawili, na mwalimu asiyejua hilo atadhani baadhi ya wanafunzi wake hawajui kuhesabu.

Usiku una ugumu wake pia. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko na tangu magharibi, hivyo saa moja asubuhi ni saa 07:00 ya mashine. Tofauti hiyo ya saa sita inajulikana na kila mtoto wa shule. Lisilosemwa sana ni suala la usiku kuwa wa siku gani. Mpangaji wa kazi za seva hubadilisha siku saa sita usiku kamili. Msemaji wa Kiswahili akisema "Alhamisi saa saba usiku", anaweza kuwa anazungumzia usiku unaoanza Alhamisi magharibi, ambapo saa saba yake, kwa mashine, tayari ni Ijumaa saa 01:00. Anayeandika namba ya Alhamisi katika ratiba atakuwa ametangulia kwa saa ishirini na nne kamili. Kiswahili, hata hivyo, kina dawa ambayo watangazaji wa redio huitumia kila siku: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kirai hicho hakina utata hata chembe. Kinataja usiku kwa siku unakoelekea. Ingefaa nyaraka za utaratibu wa kazi za seva zikitumie badala ya kutafsiri "usiku wa manane wa Alhamisi", usemi ambao hata mwandishi wake hawezi kuueleza akiulizwa.

Amri inayosema Kiswahili isikielewe

Mifumo ya Linux imekuwa na mpangilio wa lugha wa Kiswahili kwa Kenya na kwa Tanzania kwa muda mrefu. Ukiwashwa, "date" huchapisha Jumatatu na Januari kwa Kiswahili, na wapenzi wa lugha hufurahi. Furaha hiyo inahitaji kupimwa. Amri inayochapisha "Jumatatu" haiwezi kulisoma neno "Jumatatu" ikirudishiwa. Toleo la GNU hupokea majina ya siku, ya miezi na maneno ya uhusiano kwa Kiingereza tu. Ikiambiwa "tomorrow" hutoa tarehe ya kesho. Ikiambiwa "kesho" hujibu kwamba tarehe si halali. Mwongozo wake unakiri kwamba matokeo ya amri katika lugha nyingine hayakubaliki sikuzote kama ingizo. Kwa maneno mengine, mashine imepewa kinywa cha Kiswahili ikanyimwa sikio.

Athari yake si ya kihisia tu. Skripti inayohifadhi tarehe kwa majina katika faili ili kuisoma baadaye itafanya kazi kwenye seva ya lugha ya Kiingereza na kuvunjika siku mtu anapowasha Kiswahili. Mafundi wakikutana na hilo mara mbili, huzima Kiswahili katika seva zote na kuandika katika kumbukumbu kwamba "lugha ilileta matatizo". Kiswahili kinabeba lawama ya kazi iliyofanywa nusu. Kanuni ya busara ni kuhifadhi tarehe daima kwa mfumo wa mwaka, mwezi na siku, kama 2025-08-09, na kuacha majina ya Kiswahili kwa macho ya msomaji pekee. Lakini kanuni hiyo ni ya kujihami. Vyombo kama BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vimeshughulika na istilahi, yaani na yale ambayo mashine itayasema. Suala la yale ambayo mashine itayasikia halijapewa uzito huo. Maneno yanayohitajika ni machache na hayana ubishi: juzi, jana, leo, kesho, keshokutwa, mtondo. Kiswahili kina neno moja moja kwa siku ambazo Kiingereza cha amri hiyo kinalazimika kuzieleza kwa kuongeza na kupunguza, na sheli inaruhusu mtu yeyote kuandika tendi fupi la kuyasoma. Lingekuwa zoezi zuri la muhula wa kwanza.

Mipaka ya kale ndani ya mashine mpya

Mtafiti wa historia anayetumia sheli kukagua tarehe za kale ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Mji wa Mombasa unatoa mfano unaotosha. Ngome ya Yesu iliangukia mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698. Ilikuwa siku gani? Mtu akiiuliza "date" ya GNU, ataambiwa Jumamosi. Akifungua mwezi huohuo kwa amri ya "cal" iliyo katika kompyuta ileile, atakuta tarehe 13 ipo chini ya Jumanne.

Chanzo cha mgongano huu kipo London. Amri ya "cal" kwa desturi yake hufuata mabadiliko ya kalenda ya Uingereza, iliyoiacha kalenda ya Juliasi mwezi Septemba 1752, ambapo tarehe 2 ilifuatwa na tarehe 14. Kabla ya hapo kila tarehe huonyeshwa kwa kalenda ya zamani. Amri ya "date" haijali historia. Hurudisha kalenda ya Gregori nyuma bila kikomo. Lakini Wareno walioijenga ngome hiyo kuanzia mwaka 1593 walikuwa wa taifa lililoipokea kalenda mpya tangu Oktoba 1582. Kwa nyaraka za Kireno za Mombasa, basi, jibu la "cal" ni kuitazama pwani ya Afrika Mashariki kwa kalenda ya nchi ambayo wakati huo haikuwa na mamlaka yoyote hapo. Matoleo mapya ya amri hiyo katika Linux yana chaguo la kubadilisha mwaka wa mageuzi, na ni vyema mwanahistoria alijue.

Karne ya ishirini nayo haiko salama. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na karibu mifumo yote inazichukulia Dar es Salaam na Kampala kuwa majina mengine ya Nairobi. Kwa miaka ya baada ya 1970 hilo ni sahihi, kwa kuwa miji yote imekuwa saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kwa miaka ya kabla yake, historia ya saa ya Dar es Salaam imehamishiwa faili ya pembeni ambayo mjenzi wa mfumo asipoiomba haiingii. Historia ya Nairobi yenyewe imeandikwa upya: matoleo ya zamani yalisema mji huo ulibaki saa mbili na dakika arobaini na tano hadi 1960, na matoleo mapya yanasema uliiacha mwaka 1942. Seva mbili za umri tofauti zitatofautiana kwa sekunde 900 kuhusu jioni moja ya mwaka 1950, na karibu na saa sita usiku sekunde hizo hubadilisha tarehe. Kanuni ya kuunganisha kanda ilifanywa kwa ajili ya kurahisisha utunzaji, na watunzaji hawakuificha. Ila wanaodai uwepo wa kumbukumbu za kidijitali za kanda hii wanapaswa kujua kwamba saa ya Dar es Salaam ya wakati wa ukoloni iko katika faili isiyofunguliwa.

Seva za kukodi zina tatizo la karibu zaidi. Nyingi huwekwa katika saa ya dunia. Kazi iliyopangwa kufanyika saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai kwa saa ya Afrika Mashariki hutekelezwa seva ikiwa bado tarehe 30 Juni, saa 22:00. Skripti ikiuliza "mwezi uliopita ni upi", itajibiwa Mei. Ripoti ya Juni, ya mwezi wa kufunga hesabu, haitatengenezwa kamwe, na ya Mei itatengenezwa mara mbili. Kuitaja kanda ya saa ndani ya skripti yenyewe, badala ya kuitegemea seva, ni mstari mmoja tu.

Idd na orodha isiyo na mwenyewe

Yapo mambo ambayo hayakokotoleki, na uhakiki wa haki lazima uyatenge na yale yaliyokokotolewa vibaya. Pasaka hukokotoleka kwa miaka yote ijayo. Amri ya "ncal" hutoa tarehe yake papo hapo. Idd haikokotoleki kwa maana hiyo. Zipo kanuni za kukadiria mwaka wa Hijria, lakini sikukuu hutegemea mwezi kuandama, na kuna miaka ambayo waumini wa pwani moja husali siku mbili tofauti.

Waswahili hawakuwa wageni wa hesabu hizi. Pwani ilikuwa na miezi yake iliyopewa namba tangu Ramadhani inapokwisha: mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa, kisha Rajabu na Shabani. Ndiyo maana Idd ya pili huitwa hadi leo Idd ya Mfungo Tatu. Sambamba na hiyo palikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia waliutumia kujua pepo na ambao kumbukumbu yake inaendelea katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Jamii iliyotumia kalenda mbili kwa wakati mmoja, moja ya kutazamwa angani na nyingine ya kuhesabiwa kwa vidole, ilielewa jambo ambalo waandishi wa skripti hulisahau: kwamba tarehe nyingine hupatikana kwa hesabu na nyingine kwa taarifa.

Skripti ya siku za kazi inahitaji taarifa hiyo, pamoja na sheria ya kila nchi. Nchini Kenya sikukuu ya umma inayoangukia Jumapili humfanya anayefuata naye apumzike; Siku ya Madaraka ya mwaka 2025 iliangukia Jumapili, na Jumatatu tarehe 2 Juni ikawa ya mapumziko. Kanuni hiyo haivuki mpaka wa Namanga. Benki yenye matawi pande zote mbili inayotumia skripti moja ya siku za malipo italipa upande mmoja kwa kanuni ya upande mwingine.

Kwa hiyo kinachohitajika ni faili: mstari mmoja kwa kila sikukuu, tarehe kwa mfumo wa mwaka, mwezi na siku, alama ya nchi, na alama ya pili inayoonyesha kama tarehe imethibitishwa au inasubiri mwandamo wa mwezi. Serikali za kanda hii huyatoa matangazo hayo kwa barua na kwa vyombo vya habari, kwa lugha inayosomwa na watu. Wizara au sekretarieti itakayoyatoa pia kwa umbo linalosomwa na mashine, na kuyarekebisha usiku uleule mwezi unapoandama, itakuwa imeziondolea taasisi zote kazi ya kubahatisha. Hadi hapo, skripti iliyoandikwa kwa uangalifu ifanye jambo moja: ikikuta mwaka ambao haumo katika orodha, ikatae kuhesabu na imwite mtu.